Mgeni nisiyemjua akibisha hodi usiku, imani inanidai nini?

Mkazi wa Makambako:
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi na malori huharibika mara kwa mara. Mwezi uliopita, yapata saa nne usiku, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alibisha hodi, akaeleza kwamba basi lao limekwama na kwamba hana fedha ya kulipia nyumba ya wageni. Nilimpa maji kupitia dirishani, nikamwelekeza kituo cha polisi, kisha nikazima taa. Tangu usiku ule nimekosa amani kwa sababu ya Waebrania 13:2: “Msisahau kuwafadhili wageni, maana kwa njia hii wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua.” Hata hivyo, mtaani kwetu wapo walioibiwa na watu waliowalaza wenyewe, nami nina watoto wadogo. Je, andiko hili linanitaka nimfungulie kila abishaye?

Katekista wa Ruvuma:
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu, hofu yako si dhambi, na Kanisa liliijua tangu mwanzo. Didake, mafundisho yaliyoandikwa Wakristo wa kwanza walipokuwa bado wanakutana majumbani, yanaagiza kwamba kila ajaye kwa jina la Bwana apokelewe, kisha apimwe. Msafiri asaidiwe kadiri iwezekanavyo, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia hapo, afanye kazi ndipo ale. Wazee wetu walisema jambo lilo hilo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Huku kwetu watawa Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoishi kwayo, ya karne ya 6, inasema katika sura ya 53 kwamba wageni wote wapokelewe kama Kristo mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayesema, “nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.” Wengi wetu tunaishia hapo. Ukiendelea kusoma utaona kwamba mgeni anaalikwa kwanza kusali pamoja na wenyeji, na baada ya sala ndipo anapopewa busu la amani, ili hila ya mwovu isipate nafasi. Maskini na mahujaji ndio wanaotakiwa kupokewa kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa maana tajiri huheshimiwa hata pasipo kuagizwa. Basi ukarimu na tahadhari vimewekwa katika sura moja. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kutomlaza ndani, bali kumwacha atembee peke yake gizani na mtoto. Ungeweza kumwamsha jirani au mjumbe wa nyumba kumi, mkamsindikiza pamoja.

Mama wa Moshi:
Nakubaliana na katekista, lakini ningependa tutazame pia ni nani anayebeba kazi hii. Tunapohubiriwa juu ya Ibrahimu pale mialoni ya Mamre, Mwanzo 18, tunasahau kwamba mzee yule alipiga mbio mwenyewe kwenda kundini kuchagua ndama, akasimama karibu na wageni wakati wanakula; hakumwachia Sara kila kitu. Nyumbani mwetu baba hukaribisha kwa maneno mazuri, na mimi ndiye ninayeamka saa sita kuwasha jiko na kuwahamisha watoto kitandani. Nimewahi kumpakulia mgeni huku nanung'unika moyoni, ilhali 1 Petro 4:9 inakataza manung'uniko, na niliona aibu mbele za Mungu.

Katekista wa Ruvuma:
Mama, asante sana. Sura ile ile ya 53 inaagiza kwamba ndugu wanaopikia wageni wapewe wasaidizi kila wanapowahitaji, ili watumike pasipo kunung'unika.

Mkazi wa Makambako:
Shikamoo mama, nawe katekista pokea shukrani zangu. Nimesoma majibu haya pamoja na mke wangu, naye amekiri kwamba usiku ule alitamani tumfungulie yule mama, ila alinyamaza kwa kuwa aliniona nimeogopa. Kanisani kwetu kuna chumba nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, ambacho kwa sasa kimewekwa viti vibovu. Jumapili nitawaomba wazee wa kanisa tukisafishe, tuweke kitanda na blanketi, na familia zilizo karibu na barabara zipeane zamu ya kupika. Godoro nitalitoa mimi.