Kozi za ziada baada ya kupata leseni: zina faida au ni kuchoma pesa?

Usukani_Mpya
Wakuu, naomba ushauri. Nimefaulu mtihani mwezi uliopita, gari ni la gia za mkono, mjini najimudu. Shule ya udereva inanipa kozi mbili. Moja ni siku nzima kwenye uwanja uliomwagiwa maji, kujifunza kulirudisha gari likiteleza. Nyingine ni saa sita na mwalimu: usiku, mvua na barabara kuu. Zina faida, au hayo yote nitayapata nikiendelea kuendesha tu? Na kama ni moja, nichukue ipi?

Gia_ya_Tano
Ya pili, bila kufikiria mara mbili.

Ya uwanjani ni tamu lakini ina mtego. Norway waliingiza mafunzo ya barabara telezi kuwa ya lazima kwa madereva wapya mwaka 1979, na ajali za vijana wa kiume zikapanda badala ya kushuka. Sweden nako kuna jaribio lililochapishwa 1996: kundi moja la wanafunzi lilifundishwa ufundi wa kufunga breki na kukwepa, lingine likaonyeshwa tu jinsi uwezo wao ulivyo mdogo. Kundi la ufundi lilijiona hodari zaidi. Lilipopimwa, halikuwa na tofauti na wenzao. Siku moja inatosha kukupa kichwa kikubwa, haitoshi kufanya mikono ijiendee yenyewe.

Kinachomuua dereva mpya ni makadirio. Chukua kuovateki. Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, wewe 100. Unalipita kwa tofauti ya 20 tu, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Jumlisha nafasi ya kuanzia nyuma yake, urefu wa lori na nafasi ya kurudi mbele yake, unapata kama mita 100. Hizo ni sekunde 18, na ndani yake gari lako limekula mita 500 za barabara. Anayekuja mbele naye akiwa kwenye 100, kala 500 zake. Kwa hiyo unahitaji kilomita nzima iliyo wazi, na wengi hukata shauri wakiwa na nusu yake.

Usiku ni hivyo hivyo. Taa za chini zinakumulikia kama mita 50. Ukiwa kwenye 90, sekunde moja ya kushtuka ni mita 25, breki kwenye lami kavu mita 39 nyingine. Jumla 64. Ukikiona kitu, umeshachelewa. Mwalimu akiwa pembeni anakukamata pale pale unapokosea. Ukiwa peke yako unakosea mara mia bila kudhurika na kuamini ndivyo inavyotakiwa.

Breki_Kwanza
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila uwanja usiutupe wote. Kuna zoezi moja pale ambalo barabarani huwezi kulifanya: breki ya dharura. Wengi hawajawahi kukanyaga breki hadi mwisho. Wenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki), pedali ikianza kutetemeka na kunguruma wanashtuka na kulegeza mguu, wakidhani gari limeharibika. Mtetemo huo ndio ABS ikifanya kazi.

Utaratibu ni huu: klachi na breki kwa pamoja, kwa nguvu zote, shikilia hadi gari lisimame, macho na usukani viende kule unakotaka kupita, siyo kwenye kile unachokikwepa. Anza na 30, kisha 50, kisha 70, mara tatu tatu. Gari lisilo na ABS ni habari nyingine: magurudumu yakijifunga usukani haufanyi kitu, linakwenda mbele tu, na dawa ni kulegeza breki kidogo hadi yazunguke tena.

Saa moja ya hayo inatosha. Wakikufundisha kuzungusha gari kwa hendibreki, hayo ni maonyesho.

Usukani_Mpya
Shukrani wakuu. Hiyo ya saa sita nitajuaje ni nzuri kabla ya kulipa?

Gia_ya_Tano
Uliza saa za kushika usukani, siyo saa za kozi. Wanafunzi watatu kwenye gari moja kwa saa sita maana yake ni saa mbili kila mmoja. Zigawanywe siku tatu au nne, maana zote kwa siku moja, saa ya nne kichwa kimechoka. Ukiweza tumia gari utakaloendesha kila siku. Klachi na vioo havifanani.

Uliza pia kama mwalimu atakufanya usimulie barabara kwa sauti: "basi limesimama, mtu anaweza kutokea mbele yake, napunguza." Ukinyamaza sekunde kumi kwenye barabara yenye watu, anajua macho yamelala. Asiyejua zoezi hilo atakupeleka matembezi tu.

Na kabla hujawasha gari, mwalimu aangalie ulivyokaa. Mabega yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Klachi ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kama hajagusa hilo na mmeshaondoka, omba ubadilishiwe mwalimu.