Mbona ndege ndogo za kuja Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, hazina parachuti?

mtoto_wa_shela: Jamani injini ikizima hapo juu ya Kipini si turuke tu sote?

kasa_mzee: Yakhe uruke wapi 😂 injini ikizima ndege haidondoki kama nazi, inateleza, rubani anatafuta pa kutua. Parachuti za mgongoni wanavaa marubani wa sarakasi za angani na wa glaida (ndege isiyo na injini), na hata wao lazima watupe mfuniko wa kioo, wafungue mkanda, waruke, wakishaachana na ndege ndio wavute kishikio, na hapo uwe juu ya kutosha. Nyanya yangu na buibui lake ataweza?

dau_la_matondoni: Kuna ndege ndogo, Cirrus SR22, ina parachuti ya ndege nzima, unavuta mpini wa darini roketi inaitoa, mnashuka mumekaa.

mtoto_wa_shela: Hiyo sasa! Na baharini je?

kasa_mzee: Ile ya mgongoni ukitua nayo majini ivue haraka, kamba zitakuzonga