Mji jirani wamechimba visima mpakani, maji yetu yameshuka. Tuanzie wapi?

katibu_wa_maji: Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, mji mdogo mkoani Pwani. Wenzetu wa mji jirani wamechimba visima virefu vitatu karibu na mpaka, upande wao. Tangu vianze kazi, kisima chetu kikubwa kikifika mchana pampu inavuta hewa. Tunazima, kinamama wanarudi na ndoo tupu. Diwani anatangaza kwamba tunaibiwa, anataka twende mahakamani. Wenzetu wanasema visima viko kwenye ardhi yao. Ushauri?

mjukuu_wa_pili: Kateni bomba lao. Watakuja wenyewe kuzungumza.

fundi_pampu: Huyo msimsikilize, mtalala polisi.

Katibu, nimefunga pampu miaka mingi ukanda wa Mkuranga mpaka Bagamoyo. Kabla diwani hajashika tena kipaza sauti, kuna aliyepima? Tafuteni kile kifaa cha waya kinacholia kikigusa maji. Pimeni kina alfajiri pampu zikiwa zimepumzika. Kisha waombeni jirani wazime vyao kutwa kucha, nanyi mpime kila saa, mkiendelea kusukuma kama kawaida. Maji yenu yakipanda, mna ushahidi. Yasipopanda, kagueni kisima chenu: chujio limeziba au pampu imechoka. Hilo nimelikuta mara nyingi kuliko huo wizi.

Na “ardhi yetu” si hoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema maji yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Kwa visima vya namna hiyo lazima wawe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Ombeni mkione, kimeandikwa kiasi wanachoruhusiwa kuvuta. Ila nanyi muwe na chenu! Kamati nyingi zinakwenda kushtaki hazina hata karatasi moja.

Mkumbuke na bahari. Pwani maji baridi yanakaa juu ya maji chumvi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Mkishindana kuvuta, chumvi inapanda kwenu wote, na ikishaingia hakuna diwani wa kuitoa.

msafiri_tn: Niko Memphis, Marekani. Mji huu unakunywa maji ya visima, na jimbo la jirani, Mississippi, lilidai maji yake yanavutwa kupita mpaka. Mwaka 2014 likaenda Mahakama ya Juu kudai fidia isiyopungua dola milioni 615. Hukumu ilitoka Novemba 2021, majaji wote 9 kauli moja: maji yanayotembea chini ya mipaka hayana mwenyewe mmoja, yanagawanywa kwa haki. Mississippi ilikuwa imedai umiliki na fidia tu, mgawo haikuomba, basi ikatoka mikono mitupu. Ni dafu moja lenye mirija miwili, mkuu. Ombeni mgawo.

katibu_wa_maji: Mrejesho. Jirani walikubali kuzima, ingawa ilibidi wazee wa pande zote waende kuwaomba. Maji yetu yalipanda, tena asubuhi ile ile. Tukaandika barua bodi, wakatuita pamoja. Kumbe kibali chetu kiliisha muda, tumepewa nafasi ya kuhuisha. Makubaliano: kile kisima chao kilicho karibu zaidi na mpaka kinasukuma usiku tu, sisi tunasukuma mchana na kujaza tangi kabla ya magharibi. Visima vyote vinafungwa mita, na usomaji tunaufanya kwa pamoja kila mwisho wa mwezi. Diwani bado anasema tumeuza mji.

fundi_pampu: Safi. Mchana wekeni mtu wa kwenu pale wa kusikiliza kama pampu yao imezimwa kweli. Na chumvi pimeni kila mwezi, msingoje chai ibadilike ladha.