Redio mpya ya "muziki huru" hapa Dar: mbona mnatupigia yale yale?

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme.

Kuna kituo kipya cha redio hapa mjini, sitakitaja. Kilianza kwa mbwembwe: tumekuja kwa ajili ya wasanii wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja, na bendi zilizosahaulika. Nilifurahi sana. Nikakiweka dukani, kinaunguruma toka nafungua mpaka nafunga.

Jamani, ni amapiano, kisha Bongo Fleva ya wale wale ambao hata usipowasha redio utawasikia kwenye daladala, kisha amapiano tena. Zikifika saa nane mchana zinarudi nyimbo za asubuhi, tena kwa mpangilio ule ule. Siwachukii wasanii hao. Lakini wana vituo chungu nzima vya kuwapigia. Wameongezewa kingine cha nini?

Na muziki wa kupiga upo! Vijana wa uswahilini wanatengeneza singeli, ule muziki wa kasi, kwa kompyuta moja. Studio ya Sisso hapa hapa Dar, kazi zake zilikusanywa zikatolewa albamu mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na vijana wetu wakaanza kuitwa kwenye matamasha Ulaya. Kampala wamesikia, Ulaya wamesikia. Kituo kinachojiita huru, kilichopo mji ule ule, singeli kinaipiga kwenye matangazo ya biashara tu! Mwanamuziki Msafiri Zawose amebeba zeze na ilimba, ala za Kigogo, akazichanganya na sauti za kisasa. Sijamsikia hata kwa bahati mbaya. Taarab ya Zanzibar nayo ni hivyo hivyo, utadhani bahari imekauka.

Nina rafiki anapiga gitaa, karekodi kwa hela yake ya mfukoni, akawapelekea. Jibu: wimbo haujachangamka, alete wenye mdundo. Sasa kama kipimo chenu ni kile kile cha vituo vikubwa, mlituambia mnajitegemea ili iweje?

Haki yao niwape: Jumapili jioni kuna kipindi cha muziki wa dansi, na anayechagua nyimbo pale anajua anachofanya. Anachimba, haishii kwenye zile mbili tatu za kila harusi. Ila hapo ndipo hasira yangu inapopanda kabisa, kwa sababu nyimbo zinakatwa!

Anayeujua muziki huu ananielewa. Chukua wimbo wa bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Unaanza taratibu, waimbaji wanakusimulia kisa, wanaitikiana, tarumbeta zinaingia na kutoka. Hiyo ni nusu. Halafu mwendo unabadilika, linakuja chemko: magitaa ya solo na rithimu yanakimbizana, besi inapanda, ngoma zinachachamaa, watu wanaacha viti. Enzi za santuri ndogo, wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na watu walikuwa wanageuza santuri kufuata utamu huo. Sasa hawa wanapiga dakika tatu, solo ndiyo kwanza linavuta pumzi, mtangazaji anapanda juu yake kusoma ujumbe wa salamu, kisha tangazo. Unamwita mtu harusini unamtoa kabla ya pilau! Na jina la bendi hatajiwi msikilizaji, mpiga solo ndiyo kabisa. Mtoto wa leo atawajuaje?

Kama muda ni tatizo, pigeni nyimbo nne kamili badala ya kumi zilizokatwa. Singeli ipewe saa nzima mchana, siyo usiku wa manane. Msanii asiye na lebo akileta kazi, isikilizwe mpaka mwisho kabla ya kukataliwa.

Kama kuna mdau humu anafanya kazi pale, atujibu: nyimbo za mchana anazipanga nani, na kwa nini yule wa Jumapili hapewi siku nyingine?