Mashua ndogo ya tanga kwa matembezi ya mchana, Ghuba ya Mwanza: ninunue ya faiba au niundishe ya mbao?

Mpangani
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani na nimekulia kwenye ngalawa, lakini kazi imenileta Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na ninaona nitakaa. Ninataka chombo changu kidogo cha tanga, cha kutoka nacho asubuhi pamoja na binti yangu mwenye umri wa miaka 11 na kurudi kabla jua halijazama. Sivui samaki wala sibebi abiria. Ninachotaka ni tanga, maji na mtoto ajifunze kushika kana, yaani mkono wa usukani. Nimeelezwa kwamba kuna vyombo vya faiba vilivyotumika ambavyo wageni huviuza wanapohama, na pia kwamba mafundi wa mialoni, yaani kwenye mafikio ya wavuvi, wanaweza kuniundia cha mbao kwa bei nafuu zaidi. Ninaomba ushauri wa wanaomiliki vyombo kama hivi ziwani, kwa sababu ninachokijua mimi ni upepo wa bahari.

Mkazi wa Capri Point
Ndugu Mpangani, karibu ziwani. Ukinunua cha faiba, usivutiwe na aina iitwayo Laser, ingawa ndiyo inayoonekana zaidi: ina urefu wa mita 4.23, tanga lake ni la mtu mmoja, na ukiwa na mtoto mtabanana bila kufurahi. Tafuta aina iitwayo Wayfarer. Ni chombo kilichobuniwa mwaka 1957, kina mita 4.82 na uzito wa kilo 169, na kimethibitisha uimara wake kwa namna ambayo hakuna muuzaji angeweza kuitangaza, kwa kuwa mwaka 1963 Frank Dye alikiendesha kutoka Scotland hadi Iceland. Jambo la maana kwako ni vyumba vyake vya hewa vya omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ambavyo hukifanya kielee hata kikijaa maji. Kabla ya kulipa, fungua vifuniko vya vyumba hivyo, na ukikuta maji ndani uliza yameingilia wapi. Kisha kipindue kwa makusudi karibu na ufuko, mkiwa na watu wazima wawili, mkiinue na kukitoa maji. Chombo usichoweza kukiinua mwenyewe huna haki ya kumpakia mtoto, hata kiwe kizuri namna gani.

Kuhusu upepo, Mwanza iko kusini mwa ziwa, na hilo ni neema kwa mtu wa matembezi ya mchana. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, hufifia asubuhi jua linapopanda, na nchi ikishapata joto hugeuka ukavuma kutoka ziwani, ukikaza kadiri alasiri inavyoingia. Anayetoka mapema kuelekea kaskazini husukumwa na upepo wa tezi, na akigeuza alasiri hurudishwa na upepo wa tezi vilevile. Katikati ya mchana kuna kipindi cha shwari, kwa hiyo kafi mbili zisikose chomboni. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mpango huo huvurugika, kwani upepo wa kusini unaweza kushinda ule wa ziwani na safari ya kurudi ikawa ya kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, mwanzo hadi mwisho.

Gharama itakayokuelemea haimo katika kununua bali katika kuhifadhi. Jua la hapa, karibu na ikweta na katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hula kitambaa cha tanga haraka sana. Usiliache tanga mlingotini hata kwa siku moja: livue, likunje, liweke kwenye mfuko wake ndani ya nyumba.

Baharia wa Winam
Ninaandika kutoka Kisumu, nami ninakubaliana na mwenzangu kuhusu Wayfarer, ila ninaomba mambo ya dhoruba yasipitwe kwa haraka. Kwetu upande wa mashariki mawingu hujengeka juu ya milima mchana, ndiyo maana Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na alasiri radi hushuka hadi ghubani; kwa hiyo sisi tunamaliza matembezi mapema. Huko kwenu saa zitatofautiana, lakini dalili ni zilezile: wingu jeusi lenye ukingo kama rafu, kisha upepo wa baridi unaofika ghafla kabla ya tone la kwanza la mvua. Ukiliona wingu hilo, teremsha tanga wakati bado unaona ni mapema mno kufanya hivyo. Mawimbi ya ghuba zetu, kwa sababu ya kina kifupi, ni mafupi na yamesimama wima, tofauti na yale marefu uliyozoea Pangani. Chombo kikipinduka, kishikilieni. Msiogelee kutafuta ufuko hata ukionekana u karibu.

Magugumaji yanaweza kuziba mahali ulipoondokea asubuhi, hivyo uwe na ufuko wa pili unaoujua. Nyavu za wavuvi zitambue kwa vyelezo vyake na uinue ule ubao wa katikati unaoshuka majini chini ya chombo kabla hujapita, kwa kuwa wavu uliochanika ni mlo wa nyumba ya mtu. Na kuhusu kichocho, ingieni majini mahali pasipo na majani, epukeni kusimama kwenye maji ya ufukoni mchana wa jua kali, jikausheni kwa taulo mara moja, na mpimwe hospitali kila mwaka, mtoto kwanza.

Fundi wa Nansio
Mwanangu Mpangani, usiidharau mbao. Ziwani hakuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini pia hakuna chumvi ya kuihifadhi; maji ya mvua yakituama ndani ya chombo, mbao huoza kuanzia kwenye maungio. Chombo cha mbao hapa kinataka paa na kutolewa maji kila baada ya mvua, na ukikubali hilo kitadumu. Mtumbwi wa kawaida wa wavuvi, hata hivyo, haukufai, kwa sababu ni mzito na hauna vyumba vya hewa. Mimi ningekuundia kwa michoro ya Mirror, mashua ndogo ya tanga ya mwaka 1962: mita 3.3, uzito wa kilo 45 hivi, vipande vya plaiwudi vinashonwa kwa waya wa shaba kisha maungio yanafungwa kwa utepe wa faiba na resini. Wewe na binti mtaweza kukibeba. Sharti langu ni moja, kwamba plaiwudi iwe ile ya kuundia vyombo, maana ya dari hubanduka tabaka kwa tabaka.

Mpangani
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Maelezo ya kukibeba wenyewe yamenigusa, kwa kuwa ninapoishi hakuna njia ya trela hadi majini, na Wayfarer ya kilo 169 ingenilazimu kutafuta watu kila mara. Ninaelekea kwenye Mirror ya mbao, na binti ashiriki kuishona. Swali lililobaki ni la vibali.

Mkazi wa Capri Point
Kwa sababu hiyo Mirror ni chaguo sahihi, na ninaondoa pendekezo langu. Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, ambao wana ofisi Mwanza. Waone kabla fundi hajaanza kukata mbao, ili matakwa yao yaingie kwenye uundaji. Jitambulishe pia kwa viongozi wa mwalo, ukiwaeleza unatoka saa ngapi na unaelekea wapi, kwa kuwa wavuvi ndio watakaokufikia kwanza ukipata shida. Jaketi okozi la binti lilingane na uzito wake wa sasa na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, vinginevyo litapanda usoni atakapoanguka majini.