Waliowaona Genesis, Yes na Pink Floyd jukwaani: je, bendi za kuenzi zinatufikisha huko?

MgeniWaBristol

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Mimi ni mzaliwa wa miaka ya tisini, na muziki wa roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, niliupata kwa mjomba wangu, ambaye alirudi Tanga kutoka masomoni Uingereza akiwa na sanduku la santuri ambazo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuzigusa. Sasa ninaishi Bristol, na ninakusudia kununua tiketi ya kuwatazama The Musical Box, ile bendi ya Montreal ambayo tangu mwaka 1993 imekuwa bendi ya kuenzi, yaani inayorudia kazi za bendi nyingine, ikirudia maonyesho ya Genesis ya enzi za mwimbaji wao wa kwanza, Peter Gabriel: vinyago, mavazi, taa, na hata visa alivyokuwa akivisimulia kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Genesis wenyewe walifunga kazi London tarehe 26 Machi 2022, Phil Collins, aliyeshika uimbaji baada ya Gabriel, akiimba ameketi kitini, mwanawe Nic akiwa kwenye ngoma, na Gabriel akiwa miongoni mwa watazamaji. Kwa hiyo mtu wa umri wangu hana njia nyingine iliyobaki. Ninachotaka kujua kutoka kwa waliowahi kuona vyote viwili ni hiki: ukikaa mbele ya bendi ya kuenzi, unakiona kile ulichokiona zamani, au ni kitu kingine kabisa kilichovalishwa nguo zile zile? Na kama nikienda, nikae upande gani wa ukumbi? Bei ya viti vya mbele imenitoa jasho.

MpendaMellotron

Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa kwa sababu nilikuwa mwanafunzi Manchester katika miaka hiyo, na fedha iliyopaswa kununua makoti ya baridi niliimalizia kwenye tiketi.

Kwanza nikuondolee dhana kwamba maonyesho ya asili yalikuwa makamilifu. Mwishoni mwa mwaka 1973 niliwaona Yes katika ukumbi wa Free Trade Hall, wakipiga albamu nzima ya Tales from Topographic Oceans, yaani nyimbo nne tu, kila mmoja ukijaza upande mzima wa santuri. Kutoka roshani nilipokuwa nimekaa, nilimwona mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, ndani ya joho lake linalometameta, ameinamia vinanda vyake kwa muda mrefu kuliko muziki ulivyohitaji. Baadaye sana ndipo yeye mwenyewe alipoanza kusimulia kwamba katika ziara ile, hapo hapo Manchester, alikula mchuzi wa kuku wa Kihindi jukwaani, kwa kuwa fundi wake alidhani ameagizwa chakula cha saa ile ile na si cha baada ya onyesho. Nyimbo zile zilimchosha, na mwaka uliofuata aliihama bendi.

Pili, nilikuwepo Empire Pool, Wembley, mwezi Aprili 1975, Genesis walipoleta albamu yao ya The Lamb Lies Down on Broadway. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na skrini tatu, na slaidi zaidi ya elfu moja zilipaswa kupita juu yake zikifuata hadithi ya kijana Rael hatua kwa hatua. Zilipaswa, nasema, kwa sababu mitambo ya kubadilisha slaidi ilikuwa ikikwama mara kwa mara katika ziara nzima, na picha ya sura moja ya hadithi ilibaki ikikukodolea macho wakati Gabriel ameshafika sura nyingine. Kisha akatokea amevaa lile vazi la Slipperman, kiumbe wa hadithi hiyo, lenye mabonge mwili mzima, kubwa kiasi kwamba maikrofoni haikuweza kukaribia mdomo wake, na maneno tukayasikia kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Lakini mwishoni, taa za kumulika na kuzimika zilipoanza, tuliona Gabriel wawili, mmoja kila upande wa jukwaa, mavazi yale yale na mkao ule ule, na kwa sekunde kadhaa hakuna hata mmoja katika safu yetu aliyejua yupi ni mtu na yupi ni sanamu. Hilo sijalisahau.

Katika miaka ya 2000 nililiona onyesho hilo tena, likichezwa na vijana wa Montreal, ambao Genesis na Gabriel waliwapa kibali na kuwaruhusu kutumia slaidi zile zile za asili. Skrini zilikwenda sawa na muziki. Maneno yalisikika. Nilikaa pale nikielewa, baada ya takribani miaka thelathini, hadithi niliyoitazama ujanani bila kuifuata. Zaidi ya hayo, wanapiga vyombo vya wakati ule, ikiwemo Mellotron, kinanda ambacho kila kidude chake kinavuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa ya fidla au kwaya, utepe unaokwisha baada ya sekunde nane hivi, hivyo mpigaji analazimika kuuachia urudi mwanzo kabla hajaendelea. Wangeweza kubeba kinanda cha kisasa chenye sauti hizo hizo kisichosumbuliwa na joto wala unyevu, lakini hawakufanya hivyo, na sikio linaitambua tofauti.

Kwa maoni yangu, basi, bendi ya kuenzi iliyo makini inakupa onyesho ambalo wenyewe walilikusudia. Sisi tulipata lile waliloliweza.

BintiMvita

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini hapo hatuko pamoja.

Ziara ya The Lamb ilianza Marekani mwezi Novemba 1974, wakati albamu yenyewe ndiyo kwanza inatoka, na Genesis waliicheza yote, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajausikia hata wimbo mmoja. Ndiyo maana walionunua tiketi waliketi kwa mashaka: hawakujua hadithi inaelekea wapi, na wanamuziki nao hawakujua kama watapigiwa makofi. Nimewaona The Musical Box hapa hapa Montreal, mji uliowapokea Genesis kwa mikono miwili tangu wakiwa wachanga, na nakiri wanapiga vizuri mno. Ila ukumbi mzima ulianza kushangilia kabla kile kinyago cha ua cha Gabriel hakijatokea, kwa sababu kila mtu alijua ni dakika ipi kitatokea. Waliokitazama mara ya kwanza walishtuka. Sisi tulikuwa tunahakiki.

Nimekulia Mombasa, ambako bendi za mahotelini hupiga kopi kila usiku, na hakuna anayezidharau. Watu wanakula, wanacheza, wanakwenda kulala. Hawa wa progresivu wanadai zaidi ya hapo. Wanataka tuamini kwamba wakati umerudishwa nyuma.

Tena mpaka wenyewe kati ya asili na nakala umeshavurugika. Mwimbaji wa Yes, Jon Anderson, alipougua mwaka 2008, Yes walimchukua Benoît David, ambaye alikuwa mwimbaji wa bendi ya Kikanada iliyokuwa ikipiga kopi za Yes. Alipoondoka mwaka 2012, nafasi ikaenda kwa Jon Davison, naye pia aliwahi kuimba katika bendi ya kuwaenzi Yes. Chris Squire, mwanzilishi wa mwisho aliyekuwa bado kundini, akafariki Juni 2015. Bendi inaendelea kuzunguka dunia kwa jina lile lile, gitaa likiwa kwa Steve Howe aliyejiunga mwaka 1970, na mimi nilipowatazama nilishindwa kuamua kama nimelipia asili au nakala. Simlaumu Davison, sauti yake ni safi kabisa.

Onyesho moja tu la kukumbuka yaliyopita ndilo lililonitoa machozi, nalo lilifanywa na wenyewe. Mwezi Juni 2015 nilisafiri hadi Toronto kuwaona Rush, bendi ya Kikanada ya watu watatu, katika ziara yao ya kutimiza miaka arobaini. Walianza na nyimbo mpya wakarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na huku wakipiga, wafanyakazi waliovaa ovaroli walikuwa wakilibomoa jukwaa kipande kwa kipande: mapambo ya ziara ya karibuni yakaondolewa, yakaja ya zamani, hayo nayo yakaondolewa, hadi mwisho wakabaki watu watatu na spika zilizowekwa juu ya viti, nyuma yao picha ya ukumbi wa michezo wa shule. Mpiga ngoma wao, Neil Peart, alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 wenzake wawili, Geddy Lee na Alex Lifeson, walitangaza kwamba watarudi barabarani mwaka 2026 na mpiga ngoma Mjerumani, Anika Nilles, na mjadala huu huu ukaanza upya.

SafuYaNyuma

Nitaongeza machache kuhusu Pink Floyd, maana naona mmewasahau.

Katika maonyesho ya albamu yao ya The Wall, mwaka 1980 na 1981, bendi iliyofungua onyesho haikuwa Pink Floyd. Walikuwa wanamuziki wanne wengine waliovaa vinyago vyenye sura za Waters, Gilmour, Mason na Wright, na watu waliwapigia makofi ya nguvu wakidhani ndio wenyewe, hadi pazia lilipofunguka zaidi na wenye nyuso halisi wakaonekana. Kwa hiyo suala la nani ni halisi Pink Floyd walishalichezea jukwaani, tena kwa makusudi, miaka minane kabla ya bendi ya kuwaenzi, The Australian Pink Floyd Show, kuanzishwa Adelaide mwaka 1988. Na hao Waaustralia, David Gilmour mwenyewe aliwaita wapige kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 50, mwaka 1996. Ikiwa mwenye nyimbo amewaalika nyumbani, sioni kwa nini mimi niwafungie mlango.

Dada BintiMvita anasema kilichokosekana ni mashaka. Nilikuwa kwenye onyesho la Pink Floyd katika ukumbi wa Earls Court, London, tarehe 12 Oktoba 1994, usiku wa kwanza kati ya kumi na nne, wakati jukwaa la viti lililobeba watu wapatao 1,200 lilipoporomoka bendi ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza. Mimi nilikaa upande wa pili. Nilidhani mshindo ule ni sehemu ya onyesho, kwa kuwa Pink Floyd walikuwa na mazoea ya kurusha ndege na kulipua fataki, na nikapiga makofi na wenzangu mpaka taa za ukumbi zilipowashwa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Onyesho liliahirishwa, likafanyika siku tano baadaye. Mashaka ya namna hiyo siyahitaji tena. Usiku wa bendi ya kuenzi ninakaa kwa raha zangu, pua inanusa kahawa badala ya moshi wa fataki, na nyimbo ni zile zile.

Ila kuna kitu kimoja kilicho katikati ambacho bado sijakipatia jina. Carl Palmer, mtu pekee aliyebaki katika bendi ya watu watatu ya Emerson, Lake & Palmer baada ya wenzake wote wawili kufariki mwaka 2016, sasa anapiga ngoma jukwaani huku Emerson na Lake wakionekana kwenye skrini kubwa, katika picha zilizorekodiwa Royal Albert Hall mwaka 1992. Yeye ni asili, wao ni kivuli, na vyote vinakwenda kwa mpigo mmoja.

MgeniWaBristol

Nawashukuru nyote. Mmeniacha na maswali mengi kuliko niliyokuja nayo, lakini tiketi nitanunua, na nitajaribu kutosoma orodha ya nyimbo mapema ili nibaki na angalau nusu ya mashaka anayoyasifu BintiMvita. Mzee wangu MpendaMellotron, bado hujanijibu kuhusu kiti.

MpendaMellotron

Kaa katikati, safu ya kumi na kuendelea, wala usihangaike na viti vya mbele. Ukikaa karibu sana utamwona mwimbaji tu. Slaidi zitakuwa juu ya kichwa chako na spika za pembeni zitakuelemea upande mmoja. Ukipata kiti cha mbele cha roshani kwa bei nafuu, chukua hicho, kwa kuwa kutoka juu unaziona skrini zote kwa pamoja na pia mikono ya mpiga kinanda. Simu izime kabisa. Bendi ya King Crimson, katika miaka yao ya mwisho, walikataza picha hadi mpiga besi wao, Tony Levin, ainue kamera yake mwenyewe mwishoni mwa onyesho, na ninatamani kila ukumbi ungeiga utaratibu huo.

Na mjomba wako, kama bado yuko hai na afya yake inaruhusu safari, mnunulie tiketi ya pili.

MgeniWaBristol

Yuko hai, mzee. Amesema atakuja, kwa sharti kwamba nisiimbe.