Naomba ushauri: muda wa vipande kwenye mbio za farasi za kuruka, mnausomaje?

Kijana_wa_Gloucester

Wakuu, habari za humu.

Nipo Uingereza, mji wa Gloucester, na uwanja wa Cheltenham uko pua na mdomo na ninapoishi. Ghalani ninapofanya kazi kuna kundi la kubashiri mbio za farasi. Hakuna hela, ni pointi tu, na anayeshika mkia mwisho wa mwezi ananunua chai ya zamu nzima. Wenzangu wengi ni Waayalandi, farasi wameanza kuwajua kabla ya kusoma, kwa hiyo mimi mtoto wa Tanga nikaona silaha yangu iwe saa.

Shida ni kwamba saa inanichanganya. Farasi anashinda kwa muda mzuri kuliko wote siku ile, namchagua mbio inayofuata, haonekani. Mwingine muda wake mbovu kabisa, akitoka hapo anashinda mfululizo. Jamaa mmoja kazini kaniambia, "Achana na muda mzima, tazama vipande," yaani muda wa kila sehemu ya mbio, halafu akapanda foko yake akaenda zake.

Hivyo vipande naanza kuvipima wapi, wakati mbio hizi hazina mageti ya kuanzia, farasi wanajongea tu mpaka kamba inaachiwa? Na tope la huku linaingiaje kwenye hesabu? Naongelea mbio za kuruka tu, viunzi vidogo na vizuizi vikubwa, siyo zile za tambarare.

Nawasilisha.

Chai_ya_Rangi

Mkuu si ungebaki na Simba na Yanga tu. Nimekaa pale nasubiri wajuvi.

Mzee_wa_Limerick

Kijana, karibu kwenye ugonjwa huu, mimi nauugua tangu nihamie Ayalandi.

Muda mzima wa mbio hauongozwi na ubora wa mshindi peke yake, unaongozwa na waliokuwa mbele walivyoamua kukimbia. Majoki (wapanda farasi) wote wakizubaa maili ya kwanza, hata farasi bora duniani hawezi kutoa muda mzuri, kwa sababu sekunde zilizopotea mwanzoni hazirudi. Atakachoweza kufanya ni kumaliza kwa kasi kubwa, na hapo ndipo vipande vinapoongea.

Hesabu yenyewe nyepesi. Chukua kasi ya wastani ya kipande cha mwisho, gawanya kwa kasi ya wastani ya mbio nzima, zidisha kwa 100. Tuseme mbio ni maili 2, yaani furlongi 16 (furlongi moja ni kama mita 201), na mshindi ametumia dakika 4 kamili. Hiyo ni sekunde 15 kwa furlongi. Kama furlongi 3 za mwisho kazikimbia kwa sekunde 42, ni 14 kila moja. 15 gawanya kwa 14 unapata karibu 107. Maana yake walitembea mwanzoni, wakatimka mwishoni. Zikiwa sekunde 48, unapata karibu 94: walitimka mwanzoni, wakamaliza wanahema.

Ila usije ukasema 100 ndiyo kipimo cha haki kila mahali. Cheltenham unamalizia mlima, kwa hiyo hata mbio iliyokimbizwa vizuri itashuka chini ya ile ya Kempton, uwanja mwingine wa Uingereza, ambako ni tambarare. Kila uwanja na kawaida yake. Kulinganisha asilimia ya Cheltenham na ya Kempton ni kujitafutia ugomvi.

Kijana_wa_Gloucester

Shikamoo mzee wangu. Hapo nimepata mwanga. Lakini furlongi 3 za mwisho nitazijuaje kwenye video? Na nasikia uzio wa ndani wa uwanja unahamishwa kila mara ili majani yapumzike, kwa hiyo umbali unabadilika.

BintiMvita

Marhaba kwa niaba ya mzee, najua amelala saa hizi 😄

Kaka, huo umbali usikutese. Unabadilika kweli, na ndiyo maana ratiba za siku huandika yadi zilizoongezeka kila mbio. Viunzi vidogo navyo ni vya kuhamishika. Kwa hiyo mimi sipimi kwa furlongi kabisa. Napima kutoka kiunzi hadi kiunzi, na nalinganisha mbio mbili za SIKU MOJA, njia moja, umbali mmoja. Viunzi vikiwa palepale kwa zote mbili, hata nisipojua mita zake hainihusu.

Saa yangu haianzi kamba inapoachiwa. Farasi wengine hujongea, wengine hugeuka nyuma, pale mwanzo pana fujo. Naanza pale wa mbele anapotua baada ya kiunzi cha kwanza. Kituo cha pili ni kiunzi cha tatu kutoka mwisho, cha tatu ni nguzo ya kumalizia. Vituo hivyo vitatu vinatosha. Video ya runinga ya huku ina fremu 25 kwa sekunde, ukiisogeza fremu moja moja unapata hadi sehemu 4 za mia za sekunde, na hiyo ni zaidi ya unachohitaji. Chagua kitu kimoja, mimi nachagua miguu ya mbele kugusa ardhi, usikibadilishe.

Mfano (namba za kufundishia tu): mbio A, kutoka kiunzi cha kwanza hadi cha tatu toka mwisho, dakika 2 na sekunde 40. Mbio B, 2:48. Kutoka hapo hadi nguzo, A sekunde 62, B sekunde 57. Jumla A 3:42, B 3:45.

Ukitazama runingani utaapa kwamba mshindi wa B ndiye moto, maana alimaliza akipaa. Ardhi ikiwa nzuri, sekunde moja ni kama urefu wa farasi 5, kwa hiyo kwenye kile kipande cha mwisho B wamewazidi A urefu wa kama farasi 25. Lakini walikuwa na akiba ya sekunde 8 waliyoiweka mwanzoni kwa kuzubaa. Mimi hapo simpuuzi mshindi wa A aliyemaliza kwa kujikokota. Na kwenye B namtafuta aliyekuwa nyuma kabisa wakati wanazubaa, akamaliza wa tatu au wa nne. Mbio ya polepole huwabeba waliokaa mbele. Huyo wa nyuma aliombwa awape wenzake nafasi halafu awakimbize wakiwa hawajachoka. Jina lake naliandika.

Na hapohapo tope linakwisha kukusumbua, kwa sababu A na B wamekanyaga tope moja. Isipokuwa mvua inyeshe katikati ya siku, hapo funga daftari.

Kipute

Mnajisumbua bure. Hii siyo riadha, farasi anagonga kiunzi anapoteza urefu wa farasi wanne, saa yako itajuaje? Kuruka ndiyo mchezo wenyewe.

BintiMvita

Kipute, hujakosea kuhusu kuruka, ila saa ndiyo inakuonesha bei yake. Gold Cup ya Cheltenham ina vizuizi 22. Farasi anayepoteza nusu ya urefu wake kila kizuizi, bila kugonga hata kimoja, bila mtangazaji kumtaja, ameshapoteza urefu wa farasi 11. Jicho halioni nusu. Siku hizi kwenye viwanja vingi farasi wanavalishwa vifaa vya GPS, na kuna takwimu za kasi ya kuingia na kutoka kwenye kila kiunzi. Bila hizo, pima kutoka hatua chache kabla ya kiunzi hadi hatua chache baada, utaona nani anasitasita.

Mzee_wa_Limerick

Nimeamka. Marhaba kijana.

Mfano wa kweli wa hiyo siku moja, njia moja: tamasha la Cheltenham la Machi 2022, Jumanne. Siku hiyo kuna Supreme Novices' Hurdle, ya farasi wachanga kwenye viunzi, na Champion Hurdle, ya wakubwa. Zote mbili hukimbiwa kwenye ile wanayoiita Old Course, umbali uleule wa maili 2 na ziada kidogo. Constitution Hill alishinda ile ya wachanga kwa urefu wa farasi 22, na muda wake uliuzidi wa Honeysuckle, bingwa wa wakubwa, kwa zaidi ya sekunde 5.

Baa nzima niliyokuwamo ikalipuka: mtoto kamzidi bingwa! Sasa msomaji wa vipande anauliza swali moja tu: nani alikuwa mbele? Kwenye ile ya wachanga Dysart Dynamo aliongoza kwa kasi kali hadi akaanguka kuelekea mwisho. Champion Hurdle ilianza taratibu zaidi. Kwa hiyo sekunde 5 zote si za Constitution Hill, sehemu yake ni za Dysart Dynamo. Lakini, na hapa ndipo utamu ulipo, kasi ile iliwachosha wengine, yeye akaendelea kujitenga nao hadi kwenye nguzo. Farasi wa kawaida anailipa kasi ya namna hiyo kwenye mlima. 2023 alirudi, akachukua Champion Hurdle yenyewe kwa urefu wa farasi 9.

Na ili Kipute afurahi: 2025 farasi huyohuyo alianguka kwenye Champion Hurdle, kisha State Man akaanguka kiunzi cha mwisho akiwa mbele peke yake, na Golden Ace akapita akashinda. Hakuna saa inayokuambia hilo.

Kipute

Ahsante mzee, angalau wewe unakiri. Sasa niambie kuhusu Crisp. Vipande vyako vingemsaidia nini?

Ngong_Road

Crisp ni nani tena? Huku kwetu Nairobi pale Ngong ni mbio za tambarare tu, hizi za kuruka nazijua kwa mbali.

Mzee_wa_Limerick

Ngong_Road, tafuta video ya Grand National ya 1973, uwanja wa Aintree, Liverpool. Vizuizi 30, zaidi ya maili 4. Crisp, farasi wa Australia, alibebeshwa stoni 12 (kama kilo 76), uzito wa juu kabisa. Red Rum alibeba stoni 10 na ratili 5, tofauti ya ratili 23, zaidi ya kilo 10. Crisp akawatoroka wote, akawa anaruka peke yake mbele. Baada ya kizuizi cha mwisho hapo Aintree kuna mwendo wa yadi 494 hadi nguzo, na humo ndimo miguu ilipomwishia. Anayumba, anapinda, Red Rum anakuja. Alishindwa kwa robo tatu ya urefu wa farasi.

Mtu wa matokeo anaandika: wa pili. Msomaji wa mwendo anaandika: Red Rum alimaliza kwa dakika 9 na sekunde 1.9, akavunja rekodi ya mbio ile kwa zaidi ya sekunde 18, na Crisp naye aliivunja rekodi hiyo ya zamani akiwa na mzigo wote ule. Wapo wanaomlaumu joki wake kwa kukimbia mno mapema. Mimi simo. Farasi anayependa kuongoza ukimbana nyuma ya wenzake anaharibu kuruka kwake, na unapoteza zaidi ya ulichookoa.

Kijana_wa_Gloucester

Wakuu madini haya ni mazito, naona kabisa kwa nini nilikuwa nashika mkia. Swali la mwisho: nikishaandika majina, mbio inayofuata namchaguaje?

BintiMvita

Kabla ya kumtazama yeye, watazame wapinzani. Soma maelezo ya mbio zao tatu nne za nyuma, yanaandikwa kila farasi alikaa wapi: aliongoza, alifuata karibu, alifichwa nyuma. Hesabu waongozaji. Wakiwa watatu au wanne, wataumizana wenyewe kwa wenyewe, mchague anayekuja kutoka nyuma. Akiwa mmoja tu, na mwezi uliopita alichoka kwa sababu alibishana na wenzake mbele, huyo ndiye wa kuogopwa, maana leo ataachiwa apange mwendo anavyotaka. Kwa hesabu zangu, hapo ndipo pointi nyingi zinapopatikana, kuliko kwenye asilimia zote za mzee.

Na kagua kama kuna viunzi vilivyorukwa. Majira ya baridi jua la chini likiwapiga farasi machoni wanaondoa viunzi, au joki ameumia wanakipita pembeni. Kipande hicho usikilinganishe na chochote.

Chai_ya_Rangi

Nimesoma yote. Sasa mkeka wa Jumamosi naweka nani?

Mzee_wa_Limerick

Weka hela yako mfukoni. Mwenzako anachezea chai.

Kijana_wa_Gloucester

😂 Mzee, moja dogo tu: hivyo vituo vitatu napima wa mbele, au yule ninayemfuatilia?

BintiMvita

Wa mbele kwanza, ndiye anayekuambia mwendo wa mbio. Wako unahesabu tu yuko urefu wa farasi wangapi nyuma pale kwenye kiunzi cha tatu toka mwisho, unagawanya kwa 5 ardhi ikiwa nzuri, kwa 4 ikiwa tope, unaongeza kwenye muda wa wa mbele. Anza na mbio za wiki hii, ukipata namba zilete hapa tuzikague.